Sauti ya Mzazi

Sista Zipporah hakuingia ndani ya ua. Alisimama pale penye lango la makuti, barakoa imemfunika mpaka chini ya macho, akapaza sauti kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Hodi, Mama Laila! Nimekuja kwa amani, lakini nimekuja na neno."

Esha aliishika hiyo "lakini" kabla ya yote. Alikuwa ameketi nyuma ya pazia la mlango, kwenye mkeka uliokuwa ndio dunia yake tangu alipoanza kukaa eda. Alimjibu akaribie, ni mwanamke mwenzake, hapana ubaya. Sista akasogea kidogo, akasimama tena. Siku hizo za korona hata mtawa alimwogopa mgonjwa na mzima pia.

"Laila hajambo?"

"Hajambo. Yuko nyuma anafanya sayansi."

"Nafurahi. Mama Laila, tulikupa mwezi wa msiba bila kukuuliza kitu. Sasa Ijumaa mbili zimepita, na sauti yako hatujaisikia. Hii ya kesho kutwa ndiyo ya tatu."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Serikali ilipofunga shule, masista wa Garsen walihangaika kwa wafadhili wakapata simu chache, wakaziazimisha familia za darasa la nane ambazo hazikuwa nazo, ili watoto wafuate masomo kwenye WhatsApp na mtihani usiwakute mikono mitupu. Wengi walibaki wakingoja simu, mpaka vijiji vya mbali kama Ozi. Wazazi wenyewe ndio waliokaa wakaweka kanuni: kila Ijumaa kabla ya jua kutua, mzazi anayekaa na mtoto atasema kwenye grupu, kwa kinywa chake, wote wasikie, mtoto amesoma nini. Maandishi hayakukubaliwa, maana watoto walishaanza kujiandikia. Nyumba isiyosikika Ijumaa tatu, simu yake inakwenda kwa anayengoja.

"Sista, si umenisikia sasa hivi kwa masikio yako?"

"Nimekusikia, na nakuamini. Lakini wiki iliyopita nilichukua simu kwa mamake Ngumbao kule Tarasaa. Muumini mwenzangu yule, tunaimba kwaya moja. Alikuwa anaona haya, anasema Kiswahili chake kibovu, wazazi watamcheka. Alinililia pale mlangoni nikamwambia kanuni ni kanuni. Nikikuachia wewe, yule mama nitamtazamaje usoni?"

"Mimi si haya, Sista. Mimi nina eda."

"Najua. Nimekaa na nyinyi miaka mingi." Sista aliivuta barakoa yake, ikarudi palepale. "Mambo ya dini yenu siwezi kukuamulia, mama. Nitangoja Ijumaa mpaka jua litue. Isipokuja sauti, Jumamosi asubuhi Mwalimu Barnabas atapitia simu."

Akaaga. Esha alisikia viatu vyake vikienda, halafu vikasimama, halafu vikaendelea. Pengine alitaka kurudi aseme jambo jingine. Hakurudi.

Simu yenyewe ilikuwa ndogo, kioo kimepasuka pembeni, na ilikuwa imebeba mambo mawili makubwa. La kwanza ni shule ya Laila. Bila simu ile mtoto angeungojea mtihani kwa kukaa bure na kutwanga mahindi, na huyu ni mtoto ambaye hesabu zilimwingia kichwani kama maji mchangani. La pili Esha hakumwambia mtu. Kuanzia simu ilipoletwa mpaka alipopelekwa hospitali ya Hola akikohoa, Hamisi mumewe ndiye aliyekuwa akisema kila Ijumaa. Sauti zake zote zilikuwa humo. Laila akienda kuteka maji, Esha huishika ile simu, huiweka sikioni chini ya mtandio, humsikiliza mumewe akitoa habari za sehemu na desimali. Simu ikirudi kwa masista itafutwa yote, ipewe mwingine ikiwa safi.

Alidhani Laila hajui.

*

Kesho yake alikuja Omar, kaka mkubwa wa marehemu, na chane ya ndizi begani. Mafuriko ya masika yalikuwa yameyasomba mashamba ya kando ya mto, lakini Omar hakuwahi kuja mikono mitupu. Aliitua chane kibarazani, akaketi upande wa pili wa pazia, na kama kawaida yake alianza na afya ya mtoto, akaja kwa kuku, ndipo akafika alikotaka.

"Nasikia yule Sista alikuja."

"Alikuja, Shemeji. Kesho ndiyo ya mwisho."

"Na wewe ulimwambiaje?"

"Nilimwambia nina eda."

"Basi. Umemjibu."

"Shemeji, simu itachukuliwa."

"Ichukuliwe!" Omar alikohoa, akashusha sauti. "Sikiza, Esha. Ile grupu si ya wanawake. Mle mna wanaume wengi, mna walimu, mna madereva. Abdikadir anazifungulia sauti zile dukani kwake, redio si redio, kila anayenunua chumvi anasikia. Wewe wataka watu wakae kwa Abdikadir wamsikilize mjane wa Hamisi anazungumza, na hata miezi minne haijatimia? Watasema ukoo wetu hauna watu."

"Basi sema wewe tena."

Hapo Esha alikosea, na alijua amekosea kabla hajafunga mdomo. Wiki iliyopita Omar alikubali kusema badala yake. Aliishika simu mbali na uso kama mtu aliyeshika kaa, akapiga kelele: "Mtoto mzima! Hana shida! Anasoma!" Mwalimu Barnabas, kwa adabu zake zote, akaomba baba mkubwa awaambie mtoto amesoma nini wiki hii. Omar akamtazama Laila, Laila akamnong'oneza, Omar akasema mtoto amesoma "mambo ya moyo, vile unapiga, na damu, na mengineyo kama hayo ya shule." Wazazi wakajaza grupu vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Mwalimu akasema samahani, kanuni inataka mtu anayekaa na mtoto. Mtu mzima wa ndevu nyeupe, anayesikizwa msikitini na kwenye vikao vya mashamba, akawa kichekesho cha wazazi wa darasa la nane.

"Sisemi tena," Omar akasema taratibu. "Na wewe usiseme. Nikiisikia sauti yako kwa Abdikadir, Esha, mimi mkono wangu nautoa kwenye nyumba hii. Sitaki tukosane."

Aliondoka bila kunywa chai. Esha akabaki ameshika tama. Lililomtesa ni kwamba moyoni mwake nusu ilikuwa upande wa Omar. Hakuna aliyemwambia kwamba Hamisi anakufa. Alipigiwa simu kutoka Hola, na alasiri ileile gari likaja na watu waliovaa nguo nyeupe mpaka usoni, wakafuata amri zao, wakazika kwa haraka kabla giza halijaingia. Esha hakumwosha mumewe wala hakumwona. Omar na jamaa wachache walisimamishwa mbali na kaburi, wakatupa dua zao kutoka kule kule. Matanga hayakuwepo, mikusanyiko ilikuwa imekatazwa. Watu ambao kwenye misiba mingine walikuwa wakija, wa kanisa na wa msikiti, nyumba ikajaa mpaka nje, safari hii walipita barabarani wakatazama ua wakaenda zao. Kwa hiyo eda ndicho kitu pekee alichobaki nacho cha kumfanyia Hamisi. Alitaka angalau hicho akifanye sawasawa, asikitie doa.

*

Ijumaa ilikuja na jua la kuchoma. Wanaume walikwenda msikitini kwa zamu, wakarudi. Esha aliishika simu, akabonyeza mahali pa kusemea, akaiachia. Akabonyeza tena. Laila alikuwa amekaa mbele yake na daftari mapajani, anamtazama mamake kidole tu.

"Sema tu 'Mimi mamake Laila', Mama. Mengine nitakwambia."

"Ngoja."

"Mwalimu hasikizangi hata mpaka mwisho."

"Laila, nimesema ngoja."

Grupu ilikuwa imechangamka. Mzazi huyu anasema mwanawe amefanya insha, yule anasema wake amefanya jamii na dini. Laila akawa anahesabu waliobaki, mpaka Esha akamkataza. Ilipoadhiniwa alasiri aliona afadhali, akaiweka simu juu ya mkeka akaenda kutawadha. Aliswali kwa kukawia. Alijua anakawia, na Mungu pia alijua.

Alipotoa salamu alisikia simu ikitetema. Ikanyamaza, ikatetema, halafu haikunyamaza tena. Ikawa inatambaa yenyewe juu ya mkeka. Laila alikuwa ameketi ukutani, magoti ameyakumbatia.

"Nani huyo anayetuma hivyo?"

Simu ikalia. Esha alitazama kioo akaona jina la Mwalimu Barnabas, akampa ishara Laila apokee.

"Laila?" Sauti ya mwalimu ilijaa chumba. "Laila, ile sauti imetumwa na nani? Watu wananipigia. Kuna mama mmoja amelia hapa... Laila, baba yako..." Hakuweza kuimaliza. "Mwambie mama anipigie. Au Omar. Mtu mkubwa yeyote."

Esha alimgeukia mtoto.

"Umetuma nini?"

"Ile ya Baba."

"Ipi ya Baba?"

"Ile ya asilimia." Laila akaanza kulia. "Mwalimu alisema sauti ya mzazi. Hakusema mzazi awe hai."

Esha alimpiga kofi. Hakuwahi kumpiga mtoto yule tangu amzae, na mkono ulipotua aliona uchungu umemrudia yeye mwenyewe kifuani. Laila hakujificha wala hakulalamika. Alishika shavu tu akasema, "Wewe unaisikizanga nikienda maji. Nikajua bado iko."

*

Yaliyotokea dukani Esha alikuja kusimuliwa na watu watatu, kila mmoja na chumvi yake, lakini wote walikubaliana hivi. Omar alikuwa kwa Abdikadir akinunua sukari, ya nyumba hiyohiyo ya nduguye. Abdikadir, ambaye Ifrah wake yuko darasa moja na Laila, alikuwa ameiegemeza simu kwenye mizani, sauti zikitoka moja baada ya nyingine huku yeye akipima mchele. Hakuna aliyekuwa akisikiliza kwa makini. Ndipo duka likajaa sauti ya mtu waliyemzika.

"Asalaam alaikum nyote. Hamisi hapa, babake Laila. Mwanangu wiki hii amemaliza hesabu zote, na mimi mwenyewe nimekaa naye mpaka mwisho. Mwalimu, hizo asilimia zimenishinda mimi, yeye zimemwingia." Halafu kicheko chake kile, na mbuzi analia nyuma yake. "Haya, Ijumaa njema."

Abdikadir aliacha mchele ukamwagika. Mama mmoja akataja jina la Mungu akatoka mbio na hata chenji yake asichukue. Omar alisimama na mfuko wa sukari mkononi, kisha, wasimuliaji wote watatu waliliona hili, akageuka nyuma kutazama mlangoni.

*

Aliingia uani bila hodi. Mfuko wa sukari ulikuwa umepasuka kwa alivyoubana, na sukari ikawa inamwagika nyuma yake bila yeye kujua. Majirani walimfuata mpaka langoni wakasimama wameachana umbali unaotakiwa, si kwa kuogopa korona bali kila mmoja apate kuona vizuri.

"Esha! Toa hiyo simu nje!"

Esha alimshika Laila bega akamsukuma nyuma yake, lakini mtoto akapenya chini ya mkono wake akatokea kibarazani na alama ya kofi bado usoni.

"Ni mimi, Ami. Mama alikuwa anaswali."

"Ni wewe." Omar alimtazama. "Ndugu yangu ni mchezo? Ni katuni ya kutumiana?"

"Nilitaka sauti ya mzazi."

"Nimesimama dukani nasikia Hamisi anacheka! Anacheka, Esha, umenisikia?" Sasa alikuwa akilisemesha pazia. "Mimi nikageuka kumtafuta. Mtu mzima mimi, nikageuka! Waliniweka mbali na kaburi lake kama mbwa, sikumtia mkono, na leo mwanipigia kelele zake dukani. Lete hiyo simu. Naipeleka kwa masista saa hii, na shule yenyewe iishe. Lete!"

Laila alikuwa ameishika simu kifuani kwa mikono miwili, na simu ikaendelea kutetema mikononi mwake. Omar akanyoosha mkono.

Esha aliliona hilo kupitia uwazi wa pazia, ule mkono mkubwa na ile mikono midogo. Alihisi hofu, halafu aibu. Hakumwonea Omar aibu wala wale wa langoni. Alimwonea mwanawe. Alikuwa amekaa kimya kwa heshima ya Hamisi, na kimya chake ndicho kilichomlazimisha mtoto kwenda kumtafuta Hamisi aje aseme. Kama angefungua mdomo mapema, marehemu angeachwa apumzike.

"Laila, nipe simu."

"Esha," Omar alisema, "nilikwambia."

"Uliniambia, Shemeji. Ukitaka kuutoa mkono wako, utoe. Sitakulaumu. Lakini mwanangu sitamwacha asemewe na maiti hali mimi ni mzima."

Mkono wake ukatoka nje ya pazia, hauna hina wala bangili. Laila akauwekea simu. Esha alibonyeza, na safari hii hakuachia. Alisema pale pale, kwa sauti ya kawaida, Omar akimsikia, na majirani, na kila atakayenunua chumvi.

"Mimi ni Esha, mamake Laila. Sauti mliyoisikia ni ya mume wangu, Hamisi. Hamisi... Hamisi amefariki. Mimi ni mjane wake. Naomba radhi kwa aliyeshtuka. Mtoto hakufanya masihara. Alitafuta mzazi wa kumsemea, na mimi nilikuwa nimenyamaza. Wiki hii Laila amesoma vile damu inavyotoka kwenye moyo na kuingia kwenye mapafu. Sikuelewa yote. Amenichorea, bado sikuelewa. Lakini nimekaa naye. Nimekaa naye mpaka mwisho."

Akatoa kidole. Sauti ikaondoka. Ndani ya kile chumba Esha aligundua kwamba tangu siku ya mazishi hakuwa ameyataja yale maneno mawili, amefariki na mjane. Watu wengine ndio waliyasema, wakimzunguka nayo. Sasa yametoka kinywani mwake na yamekwenda kwa kila mtu, na hayarudi.

Simu, iliyokuwa haitulii, ikatulia. Hakuna aliyetuma kitu. Omar alikuwa bado amenyoosha mkono, kama amesahau ulikuwa unataka nini. Laila alitazama kioo akasema kwa sauti ndogo, "Wanasikiza. Wote wanasikiza."

Halafu ikatetema mara moja. Esha alimrudishia mtoto simu, naye Laila akafungua.

"Imesikika, Mama Laila," alisema Sista Zipporah. "Simu ibaki. Na mimi nakuomba radhi."

Kabla hawajapumua ikaja nyingine. Ilikuwa ya Abdikadir. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mimi Abdikadir wa duka. Siku ile tulizuiwa, hatukuja. Omar namwona kila siku, nampimia sukari, sikumwambia hata neno moja. Niliona haya, naanzia wapi. Pole, Mama Laila. Pole, Omar."

Omar alishusha mkono.

Ikaja ya mzazi wa Kigiriama aliyekuwa na shamba karibu na lao, akawapa pole. Ikaja ya dereva mmoja aliyesema Hamisi alimpakia magunia siku gari lilipokwama matopeni, hakumshukuru, na sasa anashukuru. Ikaja ya mwanamke, sauti inayumbayumba, na nyuma yake mtu anamwambia asogeze mdomo.

"Mimi mamake Ngumbao, Tarasaa. Hii simu ya kuazima kwa jirani. Mi Kiswahili yangu mbaya, wiki ile naogopa kusema. Leo nasema. Pole mama. Pole sana mama. Mungu iko."

Hakuna aliyecheka. Kule langoni mtu mmoja aliishusha barakoa akapangusa uso, akaipandisha tena, na wenzake wakaanza kukaa chini pale walipo, mmoja mmoja, kwa umbali wao.

Omar alitazama huku na huku kama aliyeingia nyumba isiyo yake. Kisha akavua ndala, akaketi kibarazani kando ya pazia na miguu ameikunja, mahali anapoketi kaka wa marehemu siku za matanga kupokea watu. Akauweka mfuko wa sukari, uliobaki nusu, upande wa Esha. Hakumtazama Laila, lakini alisogea kidogo ili apate nafasi ya kukaa.

"Fungua nyingine," alisema.

Laila akafungua. Alikuwa Mwalimu Barnabas. Alisema pole, akashindwa kuendelea, akasema pole tena.

"Tushapoa," Omar aliijibu simu, akaweka mkono kifuani. Kisha akangoja nyingine.